Vifaa vya Emmett Ambavyo Sijavipokea

Mheshimiwa Rais wa Chuo cha Wescott, Dk. Lorraine Osterman, Mheshimiwa Meya wa mji wetu, Kocha Mkuu Vernon Haugen na wenzako wa benchi la ufundi, wachungaji na walimu, wazazi mliopita kwenye barabara za barafu kuja kula chakula na wanenu, wanangu Makorongo, mliocheza na mliokaa benchi mkipiga miayo, na wewe Leonard, mume wangu, uliyeniambia garini kwamba mtu mwenye akili huaga kwa dakika tano. Nawasalimuni nyote kwa heshima, na wewe Leonard nakuomba uifiche hiyo saa.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Dolores Kratochvil, mtunza stoo ya vifaa vya timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kudakwa kwa mikono. Jina hilo la Kratochvil limewashinda wachezaji kwa miaka thelathini na moja, ndiyo maana wananiita Mama K. Kila helmeti mliyoiona ikigongwa uwanjani niliikaza skrubu mimi, kila pedi ya bega niliipima mimi, na kila suruali iliyotambaa kwenye tope la Nebraska iliishia kwenye mashine yangu. Leo nimeandaliwa chakula cha kuagwa, Mheshimiwa Rais amenisifu mpaka nikageuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yangu, na nimekabidhiwa kibao kizuri cha mbao kilichoandikwa, nasoma, "Miaka thelathini na moja, bila kosa hata moja."

Nashukuru sana. Nitakirudia hicho kibao baadaye.

Kabla sijaaga nina jambo moja, na nalisema mapema ili lisinikae kooni. Jumanne wiki hii Emmett Brandvold, mdakaji wetu, namba themanini na nne, alikuja stoo na begi lenye vifaa vyake vyote, akasema hachezi tena. Amebakiza mwaka mzima hapa chuoni, mguu mzima, mkono mzima, na hachezi tena. Begi lenyewe ninalo hapa chini ya meza. Sijalipokea, sitalipokea, na ninyi mtanisaidia lisipokelewe. Emmett, usiutazame mlango. Yule baba mnene aliyekaa pale mlangoni amekaa kwa amri yangu.

Tuanze na mazuri, maana ni mengi. Mwaka jana tulicheza mechi kumi tukashinda mbili. Ndugu wageni, mnajua maana ya kushinda mbili? Ni kwamba hata mbwa wa wapinzani walikuwa hawabweki wakituona. Makorongo tulikuwa sisi, ndege wa heshima wa Mto Platte, na watu wakatuita kuku wa mtoni. Mwaka huu vijana hawa hawa, kwa miguu ile ile na soksi zile zile, wakashinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na tulipofika ya saba nyumba za mji huu zilikuwa na bendera mpaka kwenye mabanda ya nguruwe.

Nimesema soksi zile zile, na sisemi kwa mafumbo. Marquise Tolliver, mrusha mpira wetu, simama watu wakuone. Kaa. Kijana huyu mzuri, mtoto wa watu wa Omaha, aliyelelewa na mama msafi ambaye namwona pale, baada ya mechi ya kwanza alikataa kunipa soksi zake nizifue. Akasema zina bahati. Nikamwambia, "Marquise, hizo hazina bahati, zina wadudu." Akasema, "Mama K, ukizigusa tutafungwa." Wiki ya pili nikanyamaza. Wiki ya tano wenzake walianza kubadilishia nguo nje, kwenye baridi. Wiki ya nane nikasema liwalo na liwe, nikaziiba Ijumaa, nikazifua mara mbili, nikazianika. Jumamosi tukafungwa. Mechi pekee tuliyofungwa katika kumi! Tolliver akaja stoo na macho mekundu, akanyoosha kidole kama hakimu, akasema, "Mama K, umefua ushindi!"

Basi sikuzigusa tena. Tukamaliza tisa kwa moja, tukaingia kwenye mtoano wa kitaifa ambao chuo hiki hakijauona tangu babu zenu wakiwa na nywele. Tukashinda wa kwanza, tukashinda wa pili, tukashinda wa tatu. Kocha Haugen, mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili sijamwona akicheka isipokuwa siku trekta ya mpinzani wake iliponasa, alinikumbatia. Nilidhani ananiangukia kwa kiharusi.

Na katika ushindi huo wote, nani alidaka mipira sitini na moja? Nani alikuwa anapigwa na watu wawili hewani na bado anatua na mpira kifuani kama amebeba yai? Emmett. Lakini mimi sikumjulia kwenye mpira. Mtu mwingine atakwambia mjue mtu kwa maneno yake; mimi nimekaa na manguo machafu, nakwambia mjue kwa soksi zake. Katika miaka thelathini na moja nimepokea soksi zilizoviringishwa, zilizogeuzwa nje ndani, zenye plasta, na mara moja yenye chura. Emmett Brandvold ndiye mchezaji pekee aliyewahi kunirudishia soksi zikiwa zimegeuzwa upande sahihi, pea kwa pea. Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?" Akasema, "Hakuna. Nimeona tu una mikono miwili." Kijana wa namna hiyo, wazazi wake wainuke. Bwana na Bibi Brandvold, hongereni. Mmezaa.

Sasa tufike Jumamosi iliyopita, nusu fainali, uwanja wetu, mvua yenye barafu. Tulikuwa nyuma, ishirini kwa ishirini na nne. Zimebaki sekunde nane na yadi nne. Tukivuka mstari tunakwenda fainali. Tusipovuka tunakwenda nyumbani. Kocha akasimamisha saa.

Kwa ajili ya akina bibi ambao huja uwanjani kwa sababu ya kahawa tu, nieleze kidogo. Mpira wetu haurushwi kiholela. Kocha akitaja mpango kwa maneno wapinzani watasikia, kwa hiyo anaonyesha namba. Kila mchezaji amefunga mkanda kwenye kifundo cha mkono, na ndani ya mkanda, chini ya plastiki, kuna kadi. Anaisoma namba, kadi inamwambia afanye nini. Kila wiki maana ya namba hubadilishwa ili tusishtukiwe, na kila wiki kadi zina rangi yake ili zisichanganyike. Kadi za nusu fainali zilikuwa za buluu. Za wiki iliyotangulia zilikuwa za manjano. Anayetoa za zamani na kuweka mpya, kila Ijumaa, mikanda themanini pamoja na ile ya akiba, ni mimi.

Basi. Kocha akaonyesha thelathini na nne. Tolliver akarudi nyuma hatua tatu, akarusha kwenye kona ya kulia, mpira mtamu, mpira wa kuoa. Emmett alitakiwa awe pale. Emmett hakuwepo. Alikuwa amesimama palepale alipoanzia, analizuia jitu la watu kwa nguvu zake zote. Mpira ukaangukia majani, saa ikaisha, na mji huu ukakaa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Waandishi wakamzunguka. "Ilikuwaje?" Akasema maneno mawili: "Kosa langu." Wakamuuliza tena. "Nilisahau. Kosa langu."

Na ninyi, ndugu zangu, mlifanya nini? Msitazame sahani. Nawapenda, lakini nawajua. Jumapili, nje ya kanisa, nje ya kanisa jamani, nilisikia mtu akisema ng'ombe wa Brandvold wanajua pa kwenda kuliko mtoto wao. Dada Wilma Petska, wewe mwenye mgahawa, ambaye supu yako ya maharage na mikate yako ya mdalasini tunaila mchana huu na ni mitamu, Jumatatu uliandika kwa chaki kwenye ubao wako: "Viazi vya Emmett, ukiviweka havisogei." Watu wakacheka. Nami nilicheka, Wilma. Niliagiza sahani mbili. Na Kocha Haugen, uliambia gazeti kwamba kijana alipotea kichwani. Sawa. Ulisema ulichokiona.

Lakini aliyemtenda vibaya kuliko wote ni mimi. Jumatatu hiyo nilihesabu mikanda, ukapungua mmoja, wake. Nikamsubiri mlangoni. "Mkanda wako uko wapi?" Akasema, "Nadhani nimeupoteza, Mama K." Na mimi, kwa huu ulimi wangu usio na breki, nikamwambia mbele ya wenzake, "Ala! Umepoteza mechi, sasa umepoteza na mkanda?" Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akainamisha kichwa akasema, "Samahani, nitautafuta."

Jumanne ndipo akaja na begi. Nikamwambia, "Hivi vyote vya nini?"

"Narudisha, Mama K."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Umefeli?"

"Hapana. Baba anahitaji mtu shambani."

"Baba yako nimeongea naye Jumapili. Anasema shambani ana watu wengi kuliko kazi."

Akatabasamu kidogo, akaniwekea fomu mezani. "Pokea tu, Mama K. Weka sahihi yako, niende zangu." Nikamwambia kalamu imekauka. Haikuwa imekauka. Akaondoka.

Nikalifungua begi, nikaanza kuhesabu. Helmeti. Pedi. Viatu. Na ndani ya kiatu cha kushoto, mkanda, ule aliosema umepotea. Hauna kadi. Na tena umefuliwa! Ndugu wageni, katika miaka thelathini na moja, nani aliwahi kuniletea kitu kilichofuliwa? Mtu akifua kitu ambacho kuna mtu wa kukifua, ujue kuna kitu anakitoa. Nikausogeza dirishani. Unanukia sabuni ya kuogea. Na chini ya plastiki, kwenye kitambaa, palikuwa na doa ambalo sabuni ya kuogea haiwezi kulitoa hata ukeshe nalo. Rangi ya kadi ilikuwa imelowa mvua ikachuja. Mikanda mingine yote niliyoifua Jumatatu ilikuwa na doa la buluu.

Huu wa Emmett una doa la manjano.

Nikakaa chini. Nikakumbuka. Kabla tu ya mchezo ule wa mwisho, saa iliposimamishwa, mkanda wa Emmett ulikuwa umeng'olewa na mpinzani, umekatika. Aliyekimbia uwanjani na mkanda wa akiba ni nani? Mama K. Aliyemfunga mkononi kwa vidole vyake mwenyewe, akamgonga begani, akamwambia nenda kamalize kazi? Mama K. Na kwa nini mkanda ule wa akiba ulikuwa bado na kadi ya manjano ya wiki iliyotangulia? Kwa sababu Ijumaa, nikiwa nimebakiza mikanda miwili tu, wanangu hawa walivamia stoo na keki yenye korongo wa sukari, wakaniimbia, wakaniita malkia, nikalia, nikala vipande vitatu, nikazima taa nikaenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia barafu.

Kwenye kadi ya buluu, thelathini na nne inasema: kimbia kona. Kwenye kadi ya manjano, thelathini na nne inasema: simama, zuia. Emmett hakusahau kitu. Alisoma nilichomfunga mkononi, akakifanya vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa uwanjani. Lile jitu lilikuwa na kilo mia moja na thelathini na halikupita!

Je, angefika kona angeudaka? Sijui. Hajui yeye, hajui Tolliver, hajui Kocha. Ninachojua ni kwamba hakupewa nafasi ya kujua, na aliyemnyima ni huyu mnayempigia makofi.

Jumatano nikampigia simu. Nikamwambia, "Emmett, mkanda wako una doa la manjano." Akasema, nami nayasema kama alivyoyasema, "Mama K, umebakiza wiki mbili. Miaka thelathini na moja, na umebakiza wiki mbili. Usiseme kitu. Mimi watanisahau."

Nikamwambia, "Na kuacha mpira?"

Akasema, "Nikibaki watanitania kila siku. Nitachoka, nitakuja kulisema siku moja kwa hasira. Bora niondoke nisiliseme."

Mmesikia? Kijana wa miaka ishirini na mmoja. Anauacha mpira anaoupenda ili asije akateleza ulimi akamwaibisha bibi mfua soksi. Nililia, sifichi. Kisha nikakasirika. Nikamwambia, "Jumamosi nasimama mbele ya watu." Akasema, "Ukisema, nitakana." Nikamwambia, "Utamkana nani? Doa?"

Mheshimiwa Rais, watu wenye busara walinishauri niache. Kuna mmoja aliyekaa na saa mfukoni aliyeniambia, "Dolores, watu wamekuja kukuaga, usijiharibie." Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nami sijafika umri huu ili nisimame mbele ya watu mia tatu nipokee sifa juu ya mgongo wa mtoto wa mwenzangu. Bibi Brandvold, mwanao alibeba mzigo wangu wiki nzima, na mimi nikamwongezea mwingine juu. Naomba radhi. Naomba radhi kwako, kwa mumeo, kwa timu nzima, kwa mji huu ambao ulikuwa yadi nne kutoka fainali. Kosa lilikuwa langu.

Mkanda huu hapa. Kocha, pokea, utazame, umpe Tolliver, umpe na Wilma. Zungusheni. Wilma, ukimaliza kuutazama, chaki unayo.

Hapana, Kocha, kaa kwanza. Najua unataka kusema. Utamwambia mwenyewe, na umwambie ukiwa umevua kofia.

Na kibao hiki nakipenda, nitakitundika jikoni. Ila Mheshimiwa Rais, naomba fundi afute lile neno "bila" aweke "na." Miaka thelathini na moja, na kosa hata moja... Haya, haisomeki. Mtatafuta maneno. Ninyi ndio mliosoma.

Sasa wewe, Emmett. Simama, mwanangu. Ulisema utakana. Watu hawa hapa, mama yako huyu hapa, na mimi nipo. Kana. Doa la kwenye mkanda wako ni la rangi gani?

Sema kwa sauti, hata wale wa meza za nyuma wasikie.

"La manjano, Mama K."

Mmemsikia. Pigeni makofi, lakini msivunje viti, ni vya chuo.

Haya, njoo. Mpisheni. Tolliver, mwachie huyo, utamkumbatia baadaye, na usimkaribie sana na hizo soksi. Emmett, fomu yako hii hapa, haina sahihi, na sheria ya stoo ni kwamba kifaa kisichotiwa sahihi hakijarudi. Begi hili hapa. Mimi nitakuwa kwenye viti vya juu mwakani, na blanketi na Leonard, na nitakupigia kelele kama mashabiki wengine wasio na kazi. Swali ni moja tu, nami sikulazimishi: begi unalichukua, au nibaki nimelishika? Maana ni zito na mimi ni mzee.

Anasema nini? Rudia, mwanangu, spika iko huku.

"Nasema viatu vimenibana, Mama K. Mwakani nataka namba kumi na tatu."

Namba kumi na tatu! Nimeandika. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na kadi ya kuagizia viatu nitaikagua mara mbili.

Mheshimiwa Rais, ndugu wageni, wanangu, nawashukuru kwa miaka yote hii na kwa kunitegea masikio mchana huu. Leonard, zilikuwa dakika ngapi? Usinijibu. Supu inapoa, endeleeni kula.